Schiavone hakubahatisha Paris

"Shikamoo Kocha. Nina ubishi usioisha na shemeji yangu. Anasema Francesca Schiavone, yule mcheza tenisi wa Italia, alibahatisha tu ubingwa wa Roland Garros kule Paris mwaka 2010: hakuwa nyota, alikuwa anakaribia miaka 30, nusu fainali mpinzani wake aliumia, na baada ya pale hakubeba tena Grand Slam, yaani mojawapo ya yale mashindano manne makubwa. Mimi nakataa, ila sina hoja za kumfunga mdomo. Pia naomba unieleze kwa nini wanawake wa Italia wanachelewa kung'ara kwenye tenisi, na huyu mama yuko wapi siku hizi."

Marahaba, ndugu yangu. Jibu fupi ni hilo unalolitaka: hakubahatisha. Ila usimwendee shemeji yako kifua mbele, maana katika aliyoyasema yapo ya kweli. Ni kweli nusu fainali ya 2010 haikumalizika. Elena Dementieva wa Urusi, aliyepangwa wa 5 kwa ubora, aliingia uwanjani na maumivu ya misuli ya mguu, akapoteza seti ya kwanza kwa taibreki (gemu ya kuamua seti ikiwa 6-6), kisha akasogea netini kumpa Schiavone mkono. Na ni kweli kwamba baada ya wiki ile Schiavone hakushinda tena Grand Slam ya mchezaji mmojammoja. Hayo mpe. Usipompa atakung'ang'ania hapohapo mpaka usiku.

Halafu mwombe aangalie ratiba nzima, siyo mechi moja. Raundi ya 3 Schiavone alimtoa Li Na wa China 6-4, 6-2. Robo fainali alimtoa Caroline Wozniacki, aliyepangwa wa 3, kwa 6-2, 6-3. Li Na ndiye bingwa wa Paris wa mwaka uliofuata. Wozniacki alikuwa namba 1 duniani kabla mwaka huohuo haujaisha. Anayebahatisha hupewa njia nyepesi, na hii haikuwa nyepesi. Wala hakufika Paris akitokea gizani: mwezi Aprili alikuwa ametwaa ubingwa wa Barcelona, nako pia wanacheza kwenye udongo kama Paris, na fainali alimfunga Mwitalia mwenzake Roberta Vinci 6-1, 6-1.

Kuhusu Dementieva kuna kipande ambacho wabishi wengi hawakikumbuki. Mwishoni mwa Oktoba 2010 yeye na Schiavone walikutana tena Doha, kwenye mashindano ya kufunga msimu wanayoalikwa wanane bora tu. Schiavone akashinda 6-4, 6-2. Mechi ilipoisha Dementieva alibaki uwanjani, akatangaza kwamba anastaafu tenisi, na wachezaji wenzake wakaja kumkumbatia. Kwa hiyo mara hii hapakuwa na suala la kuishia njiani, na matokeo hayakubadilika.

Tuje kwenye fainali yenyewe, maana ubishi wa bahati unamalizikia hapo.

Jumamosi ya tarehe 5 Juni 2010, mpinzani alikuwa Samantha Stosur wa Australia. Kwenye makaratasi huyu ndiye aliyetakiwa kuondoka na kombe. Alikuwa amemtoa Justine Henin, bingwa mara 4 wa uwanja ule. Akamtoa Serena Williams, namba 1 wa dunia, baada ya kuokoa mechi pointi, yaani pointi ambayo Serena angeichukua mechi ingeisha. Akamkung'uta Jelena Jankovic 6-1, 6-2. Na Schiavone alikuwa anamjua vizuri kuliko alivyopenda: mwaka 2009, raundi ya kwanza ya Paris hapohapo, Stosur alimfunga 6-4, 6-2, na Oktoba ya mwaka ule akamfunga tena kwenye fainali ya Osaka, 7-5, 6-1.

Sababu ya vipigo hivyo ilikuwa sevu, mpigo wa kuanzisha pointi. Stosur alikuwa na sevu ya pili (ile unayopiga ya kwanza ikikosea) inayoruka juu, na kwa maoni yangu hapakuwa na nyingine kama ile kwa wanawake wa wakati wake. Ifikirie hivi: anayepiga haupigi mpira kwa kuusukuma mbele, anaupangusa kutoka chini kwenda juu, unapata mzunguko mkali, unapita juu kabisa ya neti, unaanguka ghafla ndani ya boksi, halafu ukigusa ardhi unaruka kama umekanyaga moto. Kwenye nyasi mruko huo si tishio kubwa. Kwenye udongo mkavu wa Paris unafika begani. Sasa weka upande wa pili mwanamke wa sentimita 166 anayepiga bekihendi (mpigo wa upande usio wa mkono wa raketi) kwa mkono mmoja. Mkono mmoja ulionyooka, mpira ukiwa usawa wa bega, hauna nguvu yoyote. Unachoweza ni kuurudisha taratibu, na Stosur anakuwa ameshausubiri kwa fohendi yake kubwa, mpigo wa upande wa mkono wa raketi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akipigwa.

Mchezaji wa kawaida hujibu tatizo hilo kwa kurudi nyuma, auache mpira ushuke. Nyuma kuna nafasi, lakini ukirudi huko umempa mwenzako uwanja mzima wa kukukimbizia. Siku ile Schiavone alifanya kinyume: alisogea mbele, akaupiga mpira ukiwa bado unapanda, kabla haujafika begani. Ni kazi ya hatari, kwa sababu ukichelewa kidogo tu mpira unakupiga kwenye fremu ya raketi. Faida yake ni kwamba unamnyima mpinzani muda wa kujipanga. Akishaurudisha, hakuwa anampa Stosur mipira miwili inayofanana. Mmoja slaisi ya chini, mpira wa kukatwa, inayoteleza na kumlazimisha apige magoti. Unaofuata topspini ya juu, mpira wenye mzunguko wa kwenda mbele, kwenda upande wa bekihendi, ambao ulikuwa mkono dhaifu wa Stosur. Wa tatu anajifanya anarudi nyuma, kumbe yuko netini. Alipanda netini mara 15 akaondoka na pointi 14. Kwa fainali ya udongo kati ya wanawake, mwaka 2010, hiyo ni hesabu ya kushangaza. Wengi wao netini walikuwa wanaenda kupeana mikono tu.

Seti ya kwanza aliivunja sevu ya Stosur, yaani alishinda gemu ambayo Stosur ndiye aliyesevu, wakati gemu ziko 4-4, akamaliza 6-4. Seti ya pili Stosur akaenda 4-1, na hapo ndipo ungetegemea mwenye bahati yake arudi nyumbani na bahati yake. Schiavone akasawazisha, wakafika taibreki. Ilipokuwa 2-2 akachukua pointi 5 mfululizo. Tazama pointi hizo ukiweza, ziko kwenye kumbukumbu za video za mashindano. Hakuna hata moja aliyosubiri mwenzake akosee. Anashambulia, anapiga voli (mpira kabla haujagusa chini), anapiga kelele, anaruka, anashambulia tena. Ya mwisho tu ndiyo ilitoka kwenye fremu ya raketi ya Stosur. Jukwaani kulikuwa na kundi la watu wake wamevaa fulana zilizoandikwa kwamba hakuna lisilowezekana. Yeye alilala chali kwenye udongo, akageuka akaubusu.

Alikuwa amebakiza siku 18 kutimiza miaka 30. Kabla yake hakuna mwanamke wa Italia aliyewahi kufika hata fainali ya Grand Slam ya mmojammoja. Mwitalia wa mwisho kushinda Grand Slam, mwanamume au mwanamke, alikuwa Adriano Panatta, miaka 34 nyuma, hapohapo Paris.

Hapo kwenye "hakuwa nyota" shemeji yako ameteleza kabisa. Schiavone, mzaliwa wa Milan wa Juni 1980, alikuwa amefika robo fainali ya Paris tangu 2001, ya US Open 2003 na ya Wimbledon 2009. Alichokosa ni kumaliza. Alicheza fainali 8 za mashindano ya kawaida akapoteza zote 8, kuanzia Tashkent mwaka 2000, nyingine mbele ya mabingwa kama Lindsay Davenport, Kim Clijsters na Henin. Ubingwa wake wa kwanza aliupata Julai 2007 huko Bad Gastein, Austria, akiwa na miaka 27. Wachezaji wengi ninaowajua mimi wangeshaanza kutafuta kazi nyingine.

Kilichomshikilia kwa miaka ile, naamini mimi, ni timu ya taifa. Mwaka 2006 Italia ilichukua Fed Cup, kombe la timu za taifa za wanawake, kwa mara ya kwanza, ugenini Charleroi, dhidi ya Ubelgiji ya Henin. Matokeo yakawa 2-2, ikabaki mechi ya wawiliwawili. Schiavone na Vinci wakapoteza seti ya kwanza, wakashinda ya pili, na kwenye ya tatu goti la Henin likakataa. (Ndiyo, mpinzani aliumia tena. Usimtajie shemeji.) Wakachukua tena 2009 na 2010, zote mbili dhidi ya Marekani, chini ya kapteni yuleyule, Corrado Barazzutti. Mchezaji anayepoteza fainali zake za binafsi lakini anajua wenzake wanamtegemea kila mwaka ana sababu ya kuendelea kufanya mazoezi Januari kwenye baridi.

Sasa hoja ya "mara moja tu".

Miezi 7 baada ya Paris, Januari 2011, Schiavone aliingia uwanjani Melbourne, kwenye Australian Open, raundi ya 4 dhidi ya Svetlana Kuznetsova, Mrusi mwenye Grand Slam 2 mkononi. Ngoma ilidumu saa 4 na dakika 44. Matokeo: 6-4, 1-6, 16-14. Seti ya tatu peke yake ilichukua saa 3. Schiavone aliokoa mechi pointi 6. Haijawahi kuchezwa mechi ndefu kuliko ile kwa wanawake katika Grand Slam. Rekodi iliyovunjwa, ya saa 4 na dakika 19, ilikuwa ya mwaka mmoja kabla na ilimhusu Regina Kulikova, ambaye ndiye Schiavone alifungua naye Paris 2010; ni mambo ya kujifurahisha tu sisi tunaohesabu vitu kama hivyo. La maana ni kwamba kwenye gemu ya 20 na kitu ya seti ile, miguu ya wote wawili imekwisha, bado unamwona mwanamke wa miaka 30 anapiga bekihendi ya mkono mmoja kwenye mstari na kukimbilia netini. Wiki iliyofuata alipanda hadi nafasi ya 4 duniani, ambayo hakuna mwanamke wa Italia aliyekuwa ameifikia.

Kisha Juni 2011 akarudi fainali ya Paris. Huo ndio msumari wa kumpigilia shemeji yako, kwa sababu bahati haifiki fainali mbili mfululizo kwenye uwanja mmoja. Robo fainali alikuwa nyuma 1-6, 1-4 mbele ya Anastasia Pavlyuchenkova na akashinda. Kwenye fainali Li Na alimfunga 6-4, 7-6, akawa mtu wa kwanza kutoka Asia kubeba Grand Slam ya mmojammoja. Seti ya pili Schiavone alikuwa mbele 6-5, ananusa seti ya tatu, pale mpira wa Li Na ulipoangukia jirani na mstari. Mwamuzi wa mstari alisema nje. Mwamuzi mkuu akashuka kwenye kiti, akaangalia alama kwenye udongo, akasema ndani. Schiavone alilalamika sana, na baada ya hapo hakupata pointi nyingine. Taibreki iliisha 7-0. Mimi sisemi mwamuzi alikosea. Nasema Schiavone alikuwa mchezaji wa moyo, na moyo huo uliompa Paris 2010 ndio uliomponyoka Paris 2011.

Baada ya hapo alishuka, na nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Mwili uliokuwa ukikimbia namna ile haudumu. Aliendelea kuokota mataji madogo kwenye udongo: Strasbourg 2012, Marrakech 2013, Rio de Janeiro 2016, Bogotá 2017 akiwa na miaka 36. Yote kwa jumla ni 8. Kati ya 2000 na 2015 alicheza Grand Slam 61 mfululizo bila kukosa hata moja, pungufu ya moja tu kufikia rekodi ya Mjapani Ai Sugiyama. Na mwaka 2015, akiwa anakaribia 35, alikutana tena na Kuznetsova, safari hii Paris, akamfunga 10-8 seti ya tatu baada ya karibu saa 4. Kuna watu hawajifunzi kuogopana.

Umeniuliza yuko wapi. Alitangaza kustaafu Septemba 2018 wakati wa US Open, New York. Alisema utotoni alikuwa na ndoto mbili, kushinda Roland Garros na kuingia kumi bora, na zote amezipata. Iliyobaki ni kushinda Roland Garros akiwa kocha. Mwaka 2019 alimfundisha Wozniacki kwa muda mfupi, yuleyule aliyemtoa 2010. Kisha akanyamaza kwa miezi kadhaa, na mwezi Desemba akajitokeza mtandaoni na video. Alieleza kwamba aligundulika kuwa na saratani, aina ya limfoma ya Hodgkin, kwamba amepitia dawa za kemotherapi, na kwamba amepona. Baada ya hapo aliendelea na maisha na shughuli za tenisi.

Kuhusu Waitalia kuchelewa, swali lako ni zuri na majibu yanayotolewa mengi ni mabovu. Utasikia kwamba ni damu, au ni chakula. Hebu tuangalie watu wenyewe.

Flavia Pennetta wa Brindisi ndiye mwanamke wa kwanza wa Italia kuingia kumi bora, Agosti 2009. Alibeba US Open mwaka 2015 akiwa na miaka 33, fainali dhidi ya Roberta Vinci wa Taranto, mwenye miaka 32. Miji hiyo miwili iko mkoa mmoja, Puglia, na mabinti hao walikuwa wanajuana tangu utoto. Mwaka 1999 walishinda pamoja Roland Garros ya wasichana kwa wawiliwawili. Siku moja kabla ya fainali ile Vinci alimtoa Serena Williams, aliyebakiza mechi 2 tu kukamilisha Grand Slam zote 4 za mwaka, kwa 2-6, 6-4, 6-4. Kwa nini Vinci? Kwa slaisi. Serena alikuwa amezoea mpira unaokuja usawa wa kiuno kwa kasi. Vinci alimpa mipira inayoteleza chini ya goti bila kasi yoyote, seti nzima, mechi nzima. Pennetta alishinda fainali 7-6, 6-2, akachukua kipaza sauti na kusema anaacha tenisi. Kombe bado liko mkononi.

Unaona kinachofanana? Hakuna hata mmoja kati yao anayeshinda kwa sevu. Wote walikulia kwenye udongo wa klabu za Italia, ambako pointi haiishi kwa mpigo mmoja, na mtoto anafundishwa slaisi, dropu (mpira wa kudondosha karibu na neti), topspini, voli, kubadilisha kasi. Ukiwa na nguvu nyingi na sentimita 185, unaweza kushinda ukiwa na miaka 18, kwa sababu silaha yako ni moja na unaijua. Ukiwa na silaha 6, itakuchukua miaka kujua itumike ipi, saa ngapi, kwa nani. Schiavone wa 2005 alikuwa na mipigo yote ileile ya Schiavone wa 2010. Alichokuwa hana ni uamuzi wa haraka. Ukimtazama kwenye fainali zake za zamani, mara nyingi anachagua mpigo mzuri kuliko unaofaa.

Sababu ya pili haina mvuto lakini mimi naipa uzito zaidi: fedha za safari. Italia ina mashindano mengi madogo ya kulipwa, na mchezaji aliye nafasi ya 150 anaweza kwenda kucheza kwa treni, akalala kwa ndugu, akarudi. Mchezaji wa kiwango hichohicho anayeishi Nairobi au Dar es Salaam, karibu kila shindano ni tiketi ya ndege. Anayeweza kumudu kusubiri mpaka miaka 27 ndiye atakayeonekana amechelewa. Asiyemudu ameshaacha akiwa na 22, na hatutajua angekuwa nani.

Sababu ya tatu ni mchezo wa wawiliwawili, ambao makocha wengi wanauona kama wa kupasha mwili. Schiavone, Pennetta, Vinci na Sara Errani wote waliucheza kwa dhati. Unafundisha voli, unafundisha kurudisha sevu ukiwa umesogea mbele, na unalipa bili. Errani na Vinci walishinda Grand Slam zote 4 pamoja kati ya 2012 na 2014, na 2012 hiyohiyo Errani akafika fainali ya Paris ya mmojammoja.

Kisha akaja Jasmine Paolini, ambaye naye "amechelewa". Mzaliwa wa Toscana, 1996, sentimita 163, baba Mwitalia, na kwa upande wa mama ana babu Mghana na bibi Mpolandi. Hadi mwisho wa 2023 hakuwa amevuka raundi ya 2 ya Grand Slam yoyote. Mwaka 2024, akiwa na miaka 28, alitwaa Dubai, akafika fainali ya Paris, akafika fainali ya Wimbledon ambako kabla ya mwaka ule hakuwa ameshinda hata mechi moja ya droo kuu, na Agosti akachukua dhahabu ya Olimpiki ya wawiliwawili akiwa na Errani. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Italia kwenye tenisi. Mei 2025 akashinda Roma kwa kumfunga Coco Gauff 6-4, 6-2. Mwitalia wa mwisho kushinda shindano hilo kwa wanawake alikuwa Raffaella Reggi, mwaka 1985.

Wenzangu wengi wanasema Paolini alibadilika ghafla. Mimi sioni ghafla yoyote. Naona sevu iliyoboreshwa kidogokidogo kwa miaka, naona mtu aliyeanza kurudisha mpira akiwa amesimama ndani ya mstari badala ya nyuma yake, na naona Errani pembeni yake. Huyu Errani sevu yake ni dhaifu kiasi kwamba amewahi kupiga kwa chini ya mkono ili asikosee mara mbili. Juni 2025 yeye na Paolini walishinda Roland Garros ya wawiliwawili. Errani alikuwa na miaka 38.